Guru Purnima: Mwezi Mpevu wa Mwalimu na Mwanafunzi

Hapa chuoni ukitafuta guru humkosi. Yule jamaa wa hosteli anayefufua kompyuta za watu usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi ni guru. Anayeelewa takwimu ni guru. Hata mwenye madesa yaliyopangika vizuri tangu mwaka wa kwanza, naye tunamwita guru. Neno tumelikopa tukalitumia tunavyotaka, na si vibaya. Ila neno hili lina siku yake, siku hiyo ina visa vyake, na ndani ya visa hivyo limo swali ambalo kila mwanachuo aliyewahi kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mhadhiri, rasimu mkononi, amewahi kujiuliza kimoyomoyo: mimi na huyu mwalimu wangu, nani anamdai mwenzake, na anamdai nini?

Siku yenyewe ni Guru Purnima. Purnima ni mwezi mpevu. Guru, kwa Kisanskriti, maana yake ya asili ni "mzito", na hapo Mswahili haitaji kufafanuliwa sana, kwa sababu hata kwetu mtu mzito si lazima awe mnene. Wahindu wengi watakupa maana nyingine pia: kwamba "gu" ni giza na "ru" ni kuliondoa, hivyo guru ni mwondoa giza. Wanaisimu wataguna kidogo, maana hayo ni maelezo ya kidini na si chimbuko la neno. Tuyachukue yote mawili. Mwalimu ni mtu mzito, na kazi yake ni kuondoa giza.

Kabla hatujaendelea, tusichanganye mambo: Mhindi ni mtu wa India au mwenye asili ya huko, Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Wapo Wahindi Waislamu, Wakristo, Wajaini na Masingasinga, na wapo Wahindu wasio Wahindi, kwa mfano wengi wa watu wa Nepal na wa kisiwa cha Bali.

Kalenda inavyokwenda

Guru Purnima huangukia mwezi mpevu wa mwezi uitwao Ashadha, ambao kwa kalenda yetu ni kati ya Juni na Julai. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 21 Julai, mwaka 2025 ikawa tarehe 10 Julai. Kwa nini inahamahama?

Kila mwezi wa Kihindu una nusu mbili. Nusu angavu ni siku ambazo mwezi unakua hadi kupevuka, na nusu ya giza ni siku ambazo unapungua hadi kupotea. Miezi 12 ya namna hiyo inatoa siku kama 354, yaani pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Kalenda ya Kiislamu ina upungufu huohuo na inauacha ulivyo. Ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote, leo tunafunga wakati wa masika, miaka kadhaa baadaye tunafunga wakati wa kipupwe. Wahindu wao huongeza mwezi mzima wa ziada kila baada ya miaka miwili na nusu hadi mitatu hivi, ili miezi isiachane na misimu. Kwa hiyo tarehe inayumba, lakini msimu haubadiliki. Guru Purnima ni sikukuu ya majira ya mvua, mwaka huu na miaka elfu iliyopita.

Mvua zinahusu nini na walimu?

Zinahusu sana. India ya kale ilikuwa na walimu wengi waliokuwa watawa wasio na makazi. Leo yuko kijiji hiki, kesho ameshavuka mto. Ukitaka kusoma kwake, umfuate. Lakini mvua za masika ya India zilipoanza, njia zilijaa matope, mito ikafurika, na ardhi ikajaa wadudu na chipukizi ambazo mtawa hakutaka kuzikanyaga. Basi ukawekwa utaratibu wa kutulia mahali pamoja kwa miezi minne, kipindi kiitwacho Chaturmas. Kinaanza siku chache tu kabla ya mwezi mpevu wa Ashadha, au siku hiyohiyo kwa baadhi ya watawa.

Kwa hiyo mwezi huo ulipopevuka, wanavijiji walijua: mwalimu amefika, na hatoki hadi mvua ziishe. Ilikuwa kama kufungua muhula. Kumbe sikukuu hii, pamoja na utakatifu wake wote, ina mzizi wa kawaida kabisa ambao sisi tunaujua: ni wakati ambao mwalimu anapatikana.

Vyasa, mtoto wa kisiwani

Jina lingine la siku hii ni Vyasa Purnima, kwa kuwa inaaminika kuwa ndiyo siku aliyozaliwa Vyasa. Masimulizi yanasema mama yake, Satyavati, alilelewa na mkuu wa wavuvi na alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi katika mto Yamuna. Alikuwa na shombo ya samaki ambayo haikumtoka. Siku moja akamvusha mtawa mkubwa aitwaye Parashara. Mtawa akampenda, akaleta ukungu uwafunike, akaiondoa ile shombo ikawa manukato. Mtoto akazaliwa kwenye kisiwa cha mtoni. Alikuwa mweusi, akaitwa Krishna, yaani mweusi, na Dvaipayana, yaani wa kisiwani. (Si yule Krishna anayeabudiwa kama mungu, huyo ni mwingine.)

Hebu tulia hapo kidogo. Mwalimu anayeheshimiwa kuliko walimu wote wa Kihindu ni mtoto mweusi wa binti mvuvi, aliyezaliwa nje ya ndoa, kisiwani. Hao ndio wazazi wa elimu hiyo, na masimulizi hayaoni haya kulisema.

"Vyasa" si jina, ni kazi: mpangaji, mwenye kugawa. Inasemwa kuwa aliona maisha ya watu yanafupika na kumbukumbu zao zinapungua, akaigawa elimu takatifu ya Veda katika mafungu manne, kila fungu akampa mwanafunzi mmoja alihifadhi na kulifundisha: Paila, Vaishampayana, Jaimini na Sumantu. Kisha akatunga Mahabharata, utenzi ambao kwa mapokeo una beti 100,000, kuhusu vita ya siku 18 kati ya koo mbili za ndugu. Na hao ndugu ni wajukuu zake mwenyewe.

Kisa kinachopendwa na watoto ni cha uandishi wake. Vyasa alihitaji karani, akapewa Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo. Ganesha akaweka sharti: ukisimama kusema, nami naacha kuandika. Vyasa naye akaweka lake: usiandike neno ambalo hujalielewa. Kwa hiyo kila Vyasa alipotaka kupumua, alitupia ubeti mgumu, na Ganesha akabaki anakuna kichwa. Wasimulizi wengine huongeza kuwa kalamu ilipovunjika, Ganesha alivunja pembe yake moja akaendelea kuandika nayo.

Wataalamu wa Pune, India, waliolinganisha miswada ya Mahabharata kwa miongo kadhaa hadi mwaka 1966, waligundua kuwa kisa hiki hakimo katika maandishi ya zamani zaidi, wakakiweka kwenye viambatisho. Sawa, kiwe cha baadaye. Lakini sharti la Vyasa libandikwe kwenye kila ukumbi wa mihadhara. Ni wangapi kati yetu tunaoandika haraka kuliko mhadhiri anavyosema, na hatujaelewa hata sentensi moja?

Mwezi mmoja, walimu wengi

Wahindu hawako peke yao chini ya mwezi huu. Kwa Wabudha, mwezi mpevu wa Ashadha ni siku ambayo Buddha alitoa fundisho lake la kwanza huko Sarnath, karibu na Varanasi, kwa wanafunzi watano tu. Na watano hao walikuwa wenzake wa zamani waliokwisha kumwacha, wakiona amelegeza kamba. Wajaini nao hukumbuka Mahavira alivyompata mwanafunzi wake mkuu wa kwanza, Indrabhuti Gautama. Wafuasi wengi wa yoga husimulia kuwa ndiyo siku Shiva alipogeuka akawa mwalimu wa kwanza, akawafundisha watawa saba. Nepal wanaiadhimisha kama siku ya walimu mashuleni. India yenyewe siku ya walimu ya kitaifa ni tarehe 5 Septemba, siku aliyozaliwa Sarvepalli Radhakrishnan, mwanafalsafa aliyepata kuwa Rais.

Siku hiyo watu hufunga, huenda kwa walimu wao na maua na matunda, huosha miguu ya guru au kuviheshimu viatu vyake kama hayupo. Wanafunzi wa muziki na ngoma za jadi hupiga na kucheza mbele ya waalimu wao. Mahekalu ya Kihindu yaliyoko miji ya kwetu, kama yale ya Mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, yanaifuata kalenda hiyohiyo ya mwezi.

Kilemba cha fundi

Sasa tuje kwenye lile swali la benchi. Waswahili tuna desturi ya kilemba: kijana akishafuzu ufundi, humpa fundi wake zawadi ya shukrani. Wahindu wanayo, wanaiita gurudakshina. Zamani mwanafunzi aliishi kwa mwalimu, akala kwake, akamchungia ng'ombe na kumletea kuni, na mwisho wa masomo ndipo alipouliza: nikupe nini?

Kisa kinachotajwa sana hapo ni cha Ekalavya, kimo ndani ya Mahabharata. Ekalavya alikuwa mtoto wa mkuu wa Wanishada, watu wa msituni. Alitaka kujifunza upinde kwa Drona, mwalimu wa wana wa mfalme. Drona akamkataa, kwa sababu ya kabila lake. Kijana hakugombana. Alirudi msituni, akafinyanga sanamu ya Drona kwa udongo, akafanya mazoezi mbele yake kila siku hadi akabobea.

Siku moja mbwa wa wana wa mfalme alimbwekea. Ekalavya akarusha mishale saba mfululizo, ikaujaza mdomo wa mbwa kabla haujafumba. Mbwa akarudi hivyo hivyo kwa wenyewe. Arjuna, mwanafunzi kipenzi ambaye Drona alimwahidi kuwa hatakuwepo wa kumzidi, akanung'unika: mbona kuna mtu anajiita mwanafunzi wako na ananizidi? Drona akamwendea yule kijana. Akamwambia: kama mimi ni mwalimu wako, nipe ada yangu. Ekalavya akafurahi, akasema omba chochote. Drona akaomba kidole gumba cha mkono wa kulia. Ekalavya akakikata, akampa.

Kwa karne nyingi kisa hiki kimesimuliwa kama mfano wa utii. Mwanafunzi bora ni huyo, haulizi. Lakini watu wa tabaka za chini na jamii za asili za India, wanaojiita Adivasi, wamekisoma kwa jicho jingine: ni kisa cha mwalimu aliyekataa kufundisha, halafu akadai ada kwa elimu ambayo hakuitoa, ili mtoto wa mkubwa asipitwe. Mvutano huo bado upo hadi kwenye majina ya serikali. Makocha bora wa michezo India hupewa Tuzo ya Dronacharya tangu mwaka 1985, na wanamichezo Tuzo ya Arjuna tangu mwaka 1961. Mwaka 2016 mji wa Gurgaon ulirudishiwa jina la Gurugram, kijiji cha guru, kwa mapokeo kwamba ndicho kijiji cha Drona. Na shule za bweni za serikali kwa ajili ya watoto wa Adivasi zinaitwaje? Zinaitwa kwa jina la Ekalavya.

Wala si mjadala wa vitabuni tu. Mwaka 2017 na mwaka 2018 mahakama za India ziliwatia hatiani viongozi wawili wa kiroho wenye wafuasi wengi mno, kwa kuwabaka wafuasi wao. Walioumizwa walikuwa wamelelewa kuamini kwamba guru hapingwi. Hapo ndipo kidole gumba kinapoacha kuwa hadithi. Na wewe msomaji huhitaji kwenda India kuelewa. Mwenye uwezo wa kukufelisha akikudai kitu ambacho hakimo kwenye kozi, hiyo si heshima anayoidai. Anadai kidole.

Aliyekuwa amekaa akisikiliza

Hivi basi, tuitupe Guru Purnima kwa sababu ya Drona? Mimi nasema hapana, na sababu imo ndani ya Mahabharata yenyewe, mahali ambapo wengi tunapapita haraka.

Utenzi ule haukusimuliwa hadharani na Vyasa. Ulisimuliwa katika kafara kubwa ya mfalme Janamejaya. Mfalme alitaka kujua habari za babu zake, akamwomba Vyasa. Vyasa akamgeukia mwanafunzi wake Vaishampayana, akamwambia asimulie kama alivyomfundisha. Kisha yeye akakaa kimya, akasikiliza. Kwa hiyo kisa cha Ekalavya, cha mwalimu aliyemdhulumu mwanafunzi, kinasimuliwa na mwanafunzi, mwalimu wake akiwa amekaa palepale. Vyasa hakumkatiza, hakusema ruka hapo unatuaibisha walimu. Na ndiye aliyemfundisha kisa chenyewe.

Wala utenzi haumwachi Drona salama. Vitani anaangushwa kwa neno lenye uongo nusu kuhusu kifo cha mwanawe, na anayelitamka ni Yudhishthira, mwanafunzi wake mwenyewe, yule aliyesifika kwa kutosema uongo. Aliyependelea wanafunzi anaangushwa na wanafunzi.

Mapokeo hayo yana kinga nyingine. Katika Bhagavad Gita, ambayo ni sehemu ya utenzi huohuo, njia ya kupata elimu kwa wenye kujua ina mambo matatu: unyenyekevu, kuuliza, na kutumikia. Kuuliza kumewekwa katikati kabisa. Na katika Taittiriya Upanishad upo wosia ambao mwalimu humpa mwanafunzi anayehitimu, kama hotuba ya mahafali. Humo mwalimu anamwagiza afuate yale mema tu aliyoyaona kwa walimu wake, mengine ayaache. Fikiria mwalimu anayekiri mbele ya wahitimu kwamba na yeye anayo yasiyofaa kuigwa!

Na kama huna mwalimu kabisa, je? Bhagavata Purana inasimulia mtawa mmoja, ambaye mapokeo humtambua kuwa ni Dattatreya, aliyeulizwa na mfalme amesoma kwa nani. Akataja walimu 24: ardhi, upepo, bahari, chatu, nyuki, mrina asali, nondo aliyeungua motoni, kahaba aitwaye Pingala, binti aliyekuwa akitwanga mpunga akavua bangili zake hadi ikabaki moja ili zisipige kelele. Sisi tungesema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, ila sisi husema hivyo kwa kumtisha mtu, na mtawa yule alisema kwa shukrani. Mwezi nao ni mmoja wa walimu wake. Alijifunza kwamba kinachokua na kupungua ni sura tunayoiona, si mwezi wenyewe. Ukipata D kwenye testi, likumbuke hilo.

Basi lile deni linalipwaje? Vyasa alilipwa pale kwenye kafara, mwanafunzi wake aliposimama akasema yote, mazuri na mabaya, bila kupunguza. Kilemba cha mwalimu ni kuielewa elimu yake kabla ya kuiandika, kuifikisha mbele bila kuificha, na kuwapa wengine bila kuuliza baba yao nani. Anayekudai zaidi ya hapo, muulize kwanza ni sehemu gani ya kozi.

Maswali ya kujadiliana kwenye kikundi

1. Ekalavya alikuwa na deni kwa Drona? Jitetee kwa hoja, si kwa hisia.
2. Kuna tofauti gani kati ya kumheshimu mwalimu na kumwogopa? Toa mfano wa darasani.
3. Taja mwalimu mmoja, mtu au kitu, ambaye hajawahi kuingia darasani lakini amekufunza. Ulimlipa nini?